Mkazi Mmoja Aliisalimu Tume

Katika kumbukumbu rasmi za kikao cha pili cha tume ya manispaa, ile iliyochunguza mpango wa kupanua barabara ya mtaa wetu wa Laeken, imo sentensi moja inayonihusu. Inasema: "Mkazi mmoja aliisalimu tume." Imeandikwa kwa Kifaransa na kurudiwa kwa Kiholanzi, kama sheria ya mji wa Brussels inavyotaka, na kwa hiyo nimepunjwa kwa lugha mbili.

Mimi nilitumikia masijala maisha yangu yote ya kazi, kwanza wizarani nyumbani Tanzania, kisha ubalozini hapa Brussels hadi siku ya kustaafu. Muhtasari wa kikao naufahamu. Nimeandika mihtasari ya vikao ambavyo wajumbe walisinzia tangu sala ya kufungua hadi sala ya kufunga, na hata hao niliwatendea haki: niliandika kwamba walisikiliza kwa utulivu. Nilimwandikia katibu wa tume kumwomba airekebishe sentensi yangu. Alinijibu kwa adabu kwamba haina kosa, kwa kuwa ni kweli nilisalimu. Ni kweli. Hata ukiandika kwamba bibi harusi alivaa viatu, ni kweli. Lakini hiyo siyo habari ya harusi. Basi, kwa kuwa tume imekataa kuandika, naandika mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu, lakini mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa bado anadaiwa miaka kadhaa na hospitali yake, kwa hiyo tulibaki Brussels: yeye akienda zamu, mimi nikibaki nyumbani na suti nne zisizokuwa na pa kwenda. Nyumba yetu ilikuwa mojawapo ya zile nyumba nyembamba za matofali zilizobanana kama vitabu rafuni. Nyuma yake, ng'ambo ya ua, lilisimama jengo refu lenye paa la bati ambalo zamani lilikuwa ghala la mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Sote tuliliita gereji, ijapokuwa hakuna gari lililowahi kuingia humo.

Gereji hiyo aliikodi jirani yetu, mjane kutoka Buyenzi, Bujumbura, ambaye watu wa kila umri walimwita Maman. Humo ndimo alimopikia. Harusi, matanga, Idi, ubatizo, mtoto kufaulu mtihani: hapakuwa na shughuli ya Waswahili wa mji huu, wawe Warundi, Wakongo, Watanzania au Wakenya, ambayo pilau yake haikutoka katika sufuria za Maman. Na sufuria zenyewe zilikuwa za ukubwa ambao mtu akiinama kuzisugua, miguu tu ndiyo iliyobaki nje. Shughuli zenyewe mara nyingi zilifanyika humo humo, maana ukumbi wa kukodi mjini hauruhusu watu kula hadi washibe. Nyumbani kwake Maman, ghorofa ya tatu, mwenye nyumba alikuwa amekataza kukaanga hata yai. Gereji ikiondoka, kazi yake imeondoka nayo.

Siku moja palibandikwa bango jekundu kwenye nguzo ya kituo cha tramu. Watu wengi hupita mabango ya serikali kama wanavyompita mdai wao. Mimi siyapiti. Nililisoma lote, pamoja na jina la mpiga chapa, kisha nikapanda tramu kwenda kwenye ofisi ambako ramani ya mpango ilikuwa imetandazwa ili kila mwananchi aione. Barabara ya njia mbili ingekuwa ya njia nne, na ili ipate kujinyoosha vizuri ingeumega ua wetu. Palipokuwa na gereji ya Maman palichorwa mistari ya mshazari, na pembeni paliandikwa kwa herufi ndogo, nzuri sana: "Banda, halitumiki."

Nilikwenda moja kwa moja gerejini kumwarifu. Nilimkuta anamenya vitunguu, nusu gunia.

"Halitumiki?" alisema. "Na mimi hapa ni nani, jini?"

"Maman, ni kosa la kiofisi. Linarekebishika."

"Papa, mimi nimekwisha kimbia nyumba mara mbili katika maisha yangu. Mara zote mbili kuna mtu mwenye suti alikuja kuniambia ni kosa, litarekebishwa." Akakikata kitunguu vipande viwili. "Mara ya tatu sikimbii. Waandikie hiyo barabara yao ipite kwingine."

Nilimwahidi kwamba itaandikwa. Ahadi ya mtu wa masijala si ya kuchezea.

Kikao cha kwanza cha tume nilikwenda peke yangu, kusikiliza. Mwenyekiti alikuwa diwani, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Mhandisi wa mpango, kijana mrefu aliyevaa tai ya rangi ya haradali, aliieleza barabara yake kwa mapenzi ya mtu anayemweleza mchumba. Kila jambo lilisemwa kwa Kifaransa na kurudiwa kwa Kiholanzi, utaratibu nilioupenda sana, maana mji unaosema kila kitu mara mbili hauwezi baadaye kudai kwamba haukusema. Ndipo jirani yetu Mbelgiji, mzee afugaye njiwa wa mashindano, alipouliza kama kuna yeyote pale mezani aliyewahi kufika kwa miguu yake katika mtaa wanaotaka kuukata.

"Tutakwenda kuona wenyewe," Mwenyekiti akajibu. Kisha akatangaza kwamba katika kikao kijacho wakazi watasikilizwa, kila mmoja kwa dakika tatu, na akafunga.

Niliporudi niliitisha mkutano wetu.

Hapana budi nieleze jambo moja. Waswahili wa Brussels walikuwa hawaelewani juu ya mengi: siasa, muziki, namna ya kupika maharage, hata Kiswahili chenyewe. Lakini waliweza kufanya jambo lolote endapo tu litaundiwa kamati. Na kamati waliyoijua, waliyoifanyia mazoezi mwaka baada ya mwaka hadi ikawa kama kupumua, ilikuwa kamati ya harusi. Sikulizingatia hilo mapema. Nilidhani barabara itajieleza yenyewe kuwa ni barabara.

Tulikutana gerejini Jumapili mchana. Uenyekiti ulichukuliwa, bila kura, na Mkongo mmoja wa Anderlecht aliyeitwa Tonton na kila mtu, fundi wa lifti mwenye kifua kipana na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alikuwa mwenyekiti wa harusi zote, na hakuona sababu ya barabara kuwa tofauti. Mimi nilikuwa katibu.

"Bon," alisema Tonton. "Batu bote banafika. Alors, tuanze na kamati ndogo. Chakula?"

"Maman!" watu wakaitikia.

"Vinywaji?"

"Tonton," nikamkatiza, "tunapinga barabara. Hakuna haja ya vinywaji."

"Papa Katibu, batu batapinga na kiu?"

Watu wakapiga makofi. Hoja ikapita, nikaiandika.

"Donc, vinywaji iko. Mapambo?"

Mke wangu akanyoosha mkono. Hadi wakati huo nilikuwa nikidhani yuko upande wangu. Alisema kwamba watu hawawezi kwenda mbele ya serikali wakiwa kila mtu na lake. Lazima pawe na sare. Ndani ya muda mfupi palikuwa na vipande vya vitenge vitano mezani, na mjadala uliofuata ulikuwa mrefu, mkali na wa kina kuliko mjadala wowote tulioufanya kuhusu barabara.

Katikati ya hayo, dada mmoja Mkenya wa Koekelberg, mwanafunzi wa sheria aliyekuwa amekuja kuchukua sambusa zake tu, aliomba nafasi.

"Wazee wangu, sorry. Si mtu asimame tu aseme, 'Hii si banda tupu, kuna mama anapika hapa kila wiki'? Hiyo tu. Inatosha."

Watu waliona haya kwa niaba yake.

"Dada," nikamwambia, "huwezi kuwaendea watu wazima ukaanza na habari. Hujawasalimu."

"Basi salimu, halafu sema."

"Ndivyo nitakavyofanya."

"Lakini mzee, usalimu kidogo."

Ninasisitiza hadi leo kwamba salamu haina kidogo.

Siku ya kikao cha pili tulifika kwenye jengo la manispaa tukiwa umati, wanawake kwa wanaume, wote katika kitenge cha buluu chenye tausi wa manjano. Tonton alikuwa ameshona suti nzima, tausi kutoka kola hadi pindo la suruali, na mmoja, kwa uamuzi wa fundi cherehani, alikuwa amefungua mkia wake juu ya kitambi. Mlinzi wa mlangoni alipotuona alifurahi kuliko kawaida ya walinzi. Alitushika mikono mmoja mmoja, akatupandisha ngazi za marumaru, akatuingiza katika chumba chenye viti vya mahameli na picha ya mfalme ukutani. Akawaweka Tonton na Maman katika viti viwili vya mbele vilivyotengwa peke yake. Akasema afisa anakuja sasa hivi, na akatutakia kila la heri.

Maman ndiye aliyeelewa kwanza.

"Hiki ni chumba cha kufungia ndoa. Huyu ametufanya bwana na bibi harusi," alisema.

Tonton akarekebisha kola yake. "Maman, mbona si mubaya? Batu beko, sare iko, chakula iko nyumbani..."

"Mimi na wewe? Afadhali barabara ipite."

Tulishuka ngazi kwa haraka isiyolingana na sare zetu na kukikuta kikao kimekwisha kuanza. Mzee wa njiwa alikuwa anamalizia dakika zake tatu, ambazo zote alizitumia kueleza jinsi njiwa anayerudi nyumbani anavyochanganywa na magari. Kisha nikaitwa mimi.

Msomaji anayejua itifaki atanielewa. Nilianza na Mheshimiwa Mwenyekiti. Nikafuata na waheshimiwa madiwani kwa mpangilio wa viti vyao. Nikawatambua wataalamu, wakalimani, mwandishi wa kikao, mlinzi wa mlangoni ambaye alikuwa ametufanyia ukarimu, majirani wote na mzee wa njiwa. Nikawatambua na viongozi wa dini, kwa kuwa mjumbe mmoja alikuwa na ndevu ndefu na sikutaka kukosea. Kisha, ili wasemaji wa Kiholanzi wasijione wametengwa, nikayarudia yote kwa Kiholanzi nilichokuwa nimejifunza mbele ya kioo cha bafuni hadi mke wangu akaomba zamu za ziada. Nikavuta pumzi. Nikasema, "Baada ya kusema hayo, sasa nije kwenye jambo lililonileta." Kengele ikalia.

"Asante, bwana," alisema Mwenyekiti. "Anayefuata."

"Mheshimiwa, bado sijaanza."

"Dakika tatu, bwana."

"Hizo zilikuwa salamu!"

"Na tumezipokea kwa furaha. Anayefuata."

Anayefuata alikuwa Tonton. Nilitarajia ataliokoa jahazi, lakini ratiba yetu, ambayo niliichapa mwenyewe, ilisema kwamba baada ya hotuba ya Katibu litafuata neno la shukrani, na Tonton ni mtu wa kuheshimu ratiba. Akaishukuru tume kwa kuisikiliza hotuba. Akaishukuru kwa viti. Akaishukuru kwa maji ya kunywa, akayasifu maji yenyewe. Kengele ilipolia, akaishukuru.

Nikaketi karibu na Maman. Hakuwa amejiandikisha kuzungumza, kwa sababu tulimwambia Kamati itamsemea. Alikuwa amejifunga mtandio vizuri na mikono ameiweka juu ya mkoba.

"Papa Katibu," aliniambia kwa sauti ya chini, "gereji yangu umeisema?"

"Nilikuwa nafika, Maman."

Aliitazama ramani iliyobandikwa ukutani, pale kwenye mistari ya mshazari, na mimi nikatazama viatu vyangu. Mkenya wetu, safu ya nyuma, alikuwa amejifunika uso kwa mtandio wa mtu mwingine.

Ndipo Mwenyekiti aliposema, "Kama hakuna mengineyo, nafunga kikao."

Mengineyo! Nilikuwa nimekaa tangu mwanzo nikihisi kuna jambo linalonikera, kama mtu aliyevaa soksi imegeuzwa, na sasa nikajua ni nini. Kikao chochote cha watu wenye akili timamu hufunguliwa, ajenda ikathibitishwa, muhtasari wa kikao kilichopita ukathibitishwa, kisha yakaja yatokanayo. Hapo ndipo kila mtu huulizwa juu ya lile alilosema mara iliyopita. Ni sehemu inayoogopwa kuliko zote, na nyumbani nimewaona wakurugenzi wakiugua ghafla asubuhi ya yatokanayo. Baada ya hapo tu ndipo mnaweza kuendelea hadi mengineyo. Tume hii ilikuwa imeruka. Imeruka kavu, mchana, mbele ya watu.

Nikasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hatuwezi kufika kwenye mengineyo. Hatujafanya yatokanayo."

Kwa Kifaransa ilinibidi niseme kwa kirefu: mambo yaliyotokana na kikao kilichopita.

"Bwana, muda wako ulikwisha."

"Muda wa hotuba ulikwisha. Huu ni utaratibu."

Mjumbe mwenye ndevu, ambaye kumbe hakuwa kiongozi wa dini bali mwanasheria, akainua kichwa kama mtu aliyesikia jina la kijiji chake. "Ni hoja ya utaratibu," alisema. "Lazima isikilizwe."

"Kikao kilichopita," nikaendelea, "Mzee huyu wa njiwa aliuliza kama kuna aliyefika mtaani kwetu. Mheshimiwa ulijibu, 'Tutakwenda kuona wenyewe.' Naomba taarifa ya utekelezaji. Mlikwenda?"

Mwenyekiti akavaa miwani yake, kana kwamba jibu lilikuwa dogo na liko karibu. Akamtazama mhandisi. Mhandisi akaitazama dari.

"Ofisi yetu ilipita mapema mwaka huu," alisema mhandisi. "Banda lilikuwa limefungwa."

"Nyinyi mlipita!" mzee wa njiwa akapaza sauti. "Mwenyekiti alisema watakwenda WAO!"

"Nilisema," Mwenyekiti akakiri, na nampa heshima yake kwa hilo. "Na hatukwenda."

Mwanasheria akasema kwamba, hali ikiwa hivyo, tume haiwezi kutoa maoni yake. Mambo yakaahirishwa hadi baada ya ziara, na ziara ikapangwa siku ya Jumamosi, kwa kuwa katikati ya wiki madiwani wana kazi zao. Katika kumbukumbu imeandikwa kwamba kikao kiliahirishwa "kwa sababu za kiutaratibu." Sababu hizo hazina jina, hazina uso, hazina tausi. Zilijileta zenyewe.

Sasa, Jumamosi hiyo ilikuwa na harusi gerejini: kijana wa Kikongo na binti wa Kirundi, iliyopangwa kabla bango jekundu halijabandikwa. Nilitaka kuiandikia tume iahirishe tena. Nilikuwa nimekwisha weka karatasi kwenye mashine ya kuchapia, Maman akanizuia.

"Waache waje. Si wanataka kuona banda halitumiki?"

Walikuja mvua ikinyesha: Mwenyekiti, mwanasheria, madiwani wawili na mhandisi, wote katika viatu vya mpira, kwani walikuwa wamejiandaa kukagua uwanja wenye matope. Mhandisi alibeba ramani ndani ya kasha refu la mviringo, lenye kifuniko cha rangi ya fedha. Walipofungua mlango wa gereji walikutana na joto, harufu ya pilau, muziki, na watu waliojaa hadi kwenye madirisha. Nami nasema bila kuficha kwamba mgeni wa serikali anapoingia katika harusi ya Waswahili, hana tena mamlaka juu ya mwili wake. Kina mama wa mapokezi waliwavua makoti na kuwapeleka meza kuu. Na lile kasha la fedha, kwa kuwa lilikuwa refu, linang'aa na limebebwa na mgeni, walilipokea kwa mikono miwili na kuliweka kwenye meza ya zawadi.

"Pardon, madame, hilo ni..." mhandisi alianza.

"Asante, mwanangu, Mungu akuzidishie," wakamjibu.

Wakati wa zawadi ulipofika, Tonton, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa msema chochote wa shughuli, alilishika kasha hilo mbele ya wote.

"Mesdames et messieurs! Zawadi kutoka manispaa!"

Akafungua. Akakunjua. Akageuza juu chini, akageuza tena.

"Bon," alisema. "Ni... ni barabara. Batu ba manispaa banapa bibi na bwana barabara! Nzima! Njia ine!"

Vigelegele vilivyofuata vilitikisa bati. Mama wa bwana harusi aliichukua ramani, akaitandaza juu ya kichwa chake na kuanza kucheza nayo kuizunguka gereji. Mhandisi akamfuata nyuma. Kwa ajili ya usahihi ninaeleza kwamba hakuwa akicheza. Alikuwa akiifuata ramani yake. Lakini mtu anayefuata kitu kinachocheza naye huonekana anacheza, na walipofika mzunguko wa pili tofauti ilikuwa imetoweka kabisa. Tai ya haradali ilikuwa mgongoni.

Hatimaye ramani ilitandazwa mezani, sahani nne zikaishikilia pembe, na Maman akaja akijifuta mikono. Akaweka kidole juu ya mistari ya mshazari.

"Mwanangu, hapa ni wapi?"

Mhandisi akainama, akajikuna sikio. "Ni... hapa tulipo, Maman." Hakuna aliyekuwa amemfundisha kumwita hivyo.

"Na imeandikwa nini?"

Akasoma kwa sauti, sahani ya pilau mkononi, kwamba hapo aliposimama palikuwa banda lisilotumika.

"Ulikuja mwezi gani?"

"Februari. Mara kadhaa. Mchana wote palikuwa pamefungwa, hakuna mtu, hakuna moshi."

"Mwaka huu Februari yote ilikuwa Ramadhani," alisema Maman. "Nani apike mchana? Ungepita magharibi, foleni ya futari ilifika kwenye tramu."

"Sisi tunafunga ofisi alasiri," alisema mhandisi kwa unyonge.

"Na sisi tunafungua magharibi. Kula, inapoa."

Kisha Tonton akamwita Mwenyekiti wa tume atoe neno, kwa kuwa mgeni rasmi hawezi kuondoka bila neno. Kwenye ratiba kila mzungumzaji alipewa dakika tatu. Mtunza muda nilikuwa mimi, na kengele ilikuwa Maman, mwenye kifuniko cha sufuria na mwiko. Mheshimiwa alianza vizuri. Akamsalimu bwana harusi, bibi harusi, wazazi wa pande zote mbili, wazee, wageni na wapishi. Halafu, akiwa mtumishi wa sheria, akayarudia yote kwa Kiholanzi. Akavuta pumzi. Nami nikampa Maman ishara, na kifuniko kikalia hadi watoto wakaziba masikio.

"Asante sana, Mheshimiwa," nikasema. "Anayefuata."

Alinitazama kwa muda. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi miwani ikaruka juu ya mnyororo wake.

"Bwana," alisema, "nilikuwa nafika."

Maoni ya tume yalitolewa baadaye na kubandikwa mahali pale pale, kwenye nguzo ya kituo cha tramu. Barabara ingepanuliwa hadi kwenye kona ya mzee wa njiwa, na hapo ingebaki njia mbili kama zamani, ikipinda kidogo kuuheshimu ua wetu. Na ndivyo ilivyojengwa. Madereva wanaopita hapo hadi leo hupunguza mwendo bila kujua kwa nini, na wengine hutukana. Nilikwenda kuomba nakala ya taarifa ya ziara. Ilikuwa na kurasa chache, na katika sehemu ya gereji yalikuwamo maneno mawili tu: "Banda linatumika."

Nilikiri moyoni kwamba huo ulikuwa muhtasari bora. Mfupi, wa kweli, na kwa lugha zote mbili haukuwa na kosa. Nikaupeleka gerejini na kumsomea Maman, aliyekuwa ameinama ndani ya sufuria akiisugua, miguu tu ikionekana.

Akatoka, mtandio umemkaa upande. Aliketi juu ya gunia la mchele, akajifuta uso kwa kiganja.

"Kwa hiyo sihami."

"Huhami, Maman."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akatikisa kichwa taratibu, kisha nikaona uso wake unabadilika.

"Banda?" alisema. "Wamekula humu, wamecheza humu, wamebeba sambusa kwenye mifuko ya makoti, halafu wanaandika banda? Papa Katibu, waandikie. Hili ni jiko."

Alikuwa na haki. Nilirudi nyumbani, nikavua koti, nikaweka karatasi kwenye mashine, na nikaanza kwa utaratibu unaostahili: Mheshimiwa Mwenyekiti; Waheshimiwa Madiwani, kwa mpangilio wa viti vyenu; Wataalamu; Wakalimani; Bwana Mlinzi wa Mlangoni.